Mara Tano Karakanani: Malalamiko Kuhusu Gari Jipya la Umeme

Maweni, Malindi
14 Julai 2025

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Tawi la Mombasa

Bwana Meneja,

KUH: GARI JIPYA LA UMEME LILILORUDISHWA KARAKANANI MARA TANO KWA MIEZI MINANE

Nawaandikia kwa sababu simu nimepiga nimechoka. Kila nikipiga napokewa na mtu mpya, namweleza upya tangu mwanzo, naye ananiahidi kwamba fundi atanirudia. Safari hii nimeona niandike, ili yabaki kwenye karatasi na pasiwe na wa kusema hakuambiwa.

Gari nililinunua kwenu tarehe 18 Novemba 2024, jipya, likiwa na kilomita 11 kwenye mita. Bei ilikuwa milioni 3 na laki 8. Sehemu niliilipa kwa pesa nilizopata baada ya kuuza gari langu la petroli, na nyingine ni mkopo wa chama, ambao nakatwa kila mwezi, gari liwe barabarani au liwe kwenu. Mimi ni dereva wa kubeba abiria tangu 2006. Nabeba wageni wa Watamu, wasafiri wa uwanja wa ndege wa Mombasa na wa kituo cha reli cha Miritini, na watu wetu wa hapa wanaokwenda kliniki Mombasa. Uamuzi wa kuhamia umeme haukuwa wa kufuata mtindo. Mwaka 2023 petroli ilipopita shilingi 200 kwa lita, safari ya Mombasa na kurudi, kilomita 240 hivi, ilikuwa inaniachia pesa ya kununulia unga tu. Gari lenu, siku linapokwenda vizuri, safari hiyo hiyo linaimaliza kwa yuniti kama arobaini za stima. Hesabu nilipiga sawasawa. Nisichokitia kwenye hesabu ni siku 42 za kukaa bila gari.

Niwe mwadilifu kabla sijaendelea. Mwendo wake ni mzuri, linapanda vizuri, na abiria wanapenda utulivu wake. Kwenye karatasi zenu mmeandika linakwenda kilomita 400 kwa chaji moja, mimi napata 310 nikiwasha kipozahewa, na hilo silalamiki, maana joto la huku nalijua na mzigo ninaobeba naujua. Pia sisemi kwamba gari jipya haliwezi kuharibika. Kila mashine inaweza. Ninacholalamikia ni kwamba kwa miezi minane mnatibu dalili, ugonjwa mnauacha ndani ya gari, kisha mnanirudishia ufunguo na karatasi iliyoandikwa "hakuna hitilafu iliyoonekana".

Mara ya kwanza ilikuwa Januari. Niliamka alfajiri kuwahi abiria wa ndege, nikalikuta gari limekufa kabisa, skrini nyeusi, milango haifunguki kwa rimoti. Jioni yake nilikuwa nimeliacha na chaji asilimia 84. Mlilichukua kwa lori, mkabadilisha betri ndogo ya volti 12, mkaniambia ilikuwa mbovu tangu kiwandani. Siku nne. Nikakubali, betri huwa zinatokea mbovu. Februari likawa linakata chaji lenyewe usiku wa manane, mkaliwekea programu mpya, siku mbili. Hapo pia nikakubali.

Mara ya tatu ndiyo iliyonitoa imani, na naomba muisome polepole.

Ilikuwa 24 Machi, kumi la mwisho la Ramadhani. Natoka Mombasa na bibi mmoja wa Mambrui na mjukuu wake wa kiume wa miaka tisa. Bibi alikuwa ametoka kliniki, miguu imevimba, amekaa nyuma na mtoto. Tumepita daraja la Kilifi, tumepita Tezo, tunakaribia Matsangoni, jua linaelekea kuzama. Skrini ikaonyesha alama nyekundu ya betri, taa za ndani zikafifia, usukani ukawa mzito mkononi, na kabla sijapata pa kuegesha vizuri gari likazima. Nililisogeza kando kwa nguvu ya mwendo uliobaki. Kipozahewa kimekufa, vioo vimefungwa juu, na vioo vyenyewe ni vya umeme. Mlango wangu ulifunguka kwa kitasa cha dharura. Milango ya nyuma haikufunguka kwa ndani wala kwa nje.

Mtoto alipita katikati ya viti upesi. Bibi hakuweza. Nililaza kiti cha mbele hadi mwisho, nikaingia kwa magoti, nikamshika chini ya makwapa na kumvuta taratibu, buibui limenasa kwenye mkanda wa kiti, jasho linamtiririka usoni, naye ananiambia, "Taratibu mwanangu, taratibu." Alipotoka aliketi kwenye jiwe kando ya lami akiwa anahema. Mwenye duka aliyekuwa karibu alituletea maji na tende, tukafuturu pale pale huku malori yakitupita. Chaji ya betri kubwa, ile inayoliendesha gari, wakati huo ilikuwa asilimia 61. Ilikuwapo ya kutufikisha Malindi na kurudi tena Kilifi.

Bwana Meneja, lau gari lile lingeshika moto, au lori lingetugonga kwa nyuma, yule bibi angetokea wapi? Swali hili nililiuliza karakanani kwenu tarehe 26 Machi, mbele ya msimamizi. Jibu nililopewa ni kwamba kitasa cha dharura cha nyuma kipo, kimefichwa chini ya kifuniko ndani ya mfuko wa mlango, na kimeelezwa kwenye kitabu. Kitabu ninacho, na ukurasa huo nimeuona baadaye. Lakini siku ya kukabidhiwa gari mtu wenu alinifundisha kuunganisha simu na redio, na kitasa hicho hakukitaja. Nami kila siku nabeba watu nisiowajua, wazee na watoto.

Mkabadilisha betri ndogo tena. Siku tisa, na Idd ikanipita. Kwa dereva wa Malindi wiki ya Idd ni msimu wa kazi, watu wanasafiri kwenda na kurudi, na mimi niliimalizia nyumbani.

Mei, mvua za masika ziliponyesha mfululizo, nikaona zulia la buti, pale nyuma pa kuwekea mizigo, limelowa. Nikalifunua, chini yake maji yamesimama, yananuka. Raba ya mlango wa nyuma ilikuwa imebanduka upande wa kushoto, na gundi yake inatoka kwa kidole kama ngozi ya kidonda kilichokauka. Gari lina miezi sita. Wiki hiyo hiyo kwenye tundu la kuchajia nikaona kutu ya kijani kwenye pini mbili. Mlikaa nalo siku 16 mkisubiri spea, mkabandika raba mpya, mkasafisha pini (hamkuzibadilisha, mlizisafisha), na kwenye karatasi mkaandika kwamba chanzo ni "hewa ya bahari". Duka lenu liko Mombasa. Mombasa ni kisiwa. Kama gari halihimili hewa ya bahari, mlipaswa kuniambia kabla sijalipa, maana anwani ya Malindi niliijaza kwa mkono wangu kwenye fomu yenu.

Juni 19 likazima tena, mara hii hapa mjini, karibu na soko. Betri ndogo ya tatu, siku 11. Mlinirudishia tarehe 30 Juni. Tarehe 8 Julai alama nyekundu ikarudi.

Hapo sikuwapigia. Nilikwenda kwa kijana mmoja fundi wa waya hapa Malindi, anayetengeneza zaidi tuktuk na pikipiki, nikamwomba asiguse kitu chochote cha betri kubwa, apime tu ile ndogo. Alinieleza jambo ambalo kwenu hakuna aliyewahi kunieleza. Gari la petroli lina altaneta ya kuchaji betri ya volti 12 injini ikiwa inazunguka. Gari la umeme halina. Lina konvata, inayochukua umeme mkali wa betri kubwa na kuushusha hadi volti 14 hivi, ndio unaolisha taa, skrini, vioo, milango, na kuichaji betri ndogo. Na betri ndogo ndiyo inayoziamsha kompyuta na kuzifunga swichi kubwa zinazounganisha betri kubwa na mota. Ikiishiwa, gari halisogei hata kama betri kubwa imejaa. Kwa hiyo betri ndogo ikifa mara tatu kwa miezi sita, mtu wa kwanza wa kuulizwa ni yule anayeichaji, yaani konvata.

Tulipima asubuhi gari likiwa baridi: volti 14.2, sawa kabisa. Tukaenda nalo Mambrui na kurudi, saa sita mchana, taa zimewashwa, kipozahewa kiko juu. Tuliporudi mita ikasoma 12.3. Tukaliacha limewaka pale pale uani, baada ya dakika ishirini ikasoma 11.9, maana yake betri ndogo inakamuliwa na hakuna kinachoingia. Tukazima, tukafungua boneti, tukangoja lipoe zaidi ya saa nzima. Tukawasha: 14.2. Siku ya pili tukarudia, ikawa vile vile. Vipimo vyote nimevirekodi kwa simu, mita na saa ya skrini vinaonekana pamoja.

Nyinyi gari langu hulipokea jioni kutoka kwenye lori, linalala chini ya paa, na asubuhi mnalipima likiwa baridi. Bila shaka linawaonyesha 14.2. Bila shaka mnaandika hakuna hitilafu. Kosa linatokea likipata joto, na joto ndiyo kazi yake ya kila siku huku. Kama kilichoharibika ni konvata yenyewe, au ni maji ya kupoza yasiyoifikia, au ni pampu yake, au ni waya uliolegea, hilo mimi siwezi kulisema, na yule kijana hakujitia kulisema. Hiyo ni kazi yenu. Lakini ni kijana mwenye mita ya shilingi elfu mbili aliyefikiria kulipima likiwa limechoka, na karakana yenye kompyuta haikufikiria kwa safari tano.

Hasara yangu si ya gari peke yake. Nyumba moja ya wageni Watamu iliyokuwa ikinipa safari tatu kila wiki sasa inampa mwingine, na siwalaumu, mgeni wao mmoja alichelewa ndege mikononi mwangu. Mara mbili nililipa lori kutoka mfukoni, shilingi 18,000 kila safari, kwa kuwa lenu halikupatikana na gari hili haliruhusiwi kuvutwa kwa kamba magurudumu yakiwa chini. Risiti nimeziambatisha. Na pale mtaani nilikuwa mtu wa kwanza kuwa na gari la umeme. Madereva wenzangu watatu walikuwa wakiniuliza kila siku, yuniti ngapi, unachajia wapi, nami niliwajibu kwa moyo wote kwa sababu naamini haya magari yanatufaa. Sasa hawaniulizi. Hilo linaniuma zaidi kuliko mlivyoweza kudhani.

Ninachotaka ni hiki. Mlichukue gari, mlipime likiwa moto, nami niwepo au nitumiwe video ya vipimo, na chanzo kiandikwe kwa lugha ya kueleweka pamoja na sehemu itakayobadilishwa. Pini za chaji zibadilishwe, zisisafishwe. Mnipe gari la kutumia kwa muda wote litakaokuwa kwenu, na mnirudishie pesa za lori. Siku hizi 42 ziongezwe kwenye muda wa dhamana. Na likitengenezwa kisha kosa hilo hilo likarudi ndani ya siku 90, sitaki betri ya nne. Nataka gari jingine jipya au pesa zangu.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, haki ya kupewa maelezo anayoyahitaji, haki ya kulindwa afya na usalama wake, na haki ya fidia anapopata hasara kwa bidhaa mbovu. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 ipo pia. Siku hizo zikipita bila jibu la maandishi, faili hili litakwenda kwa Mamlaka ya Ushindani, inayopokea malalamiko ya wanunuzi, na madai ya pesa za lori na kazi iliyopotea nitayapeleka Mahakama ya Madai Madogo, ambayo inasikiliza madai yasiyozidi milioni 1. Suala la gari lenyewe, kwa kuwa bei yake inapita hapo, litakwenda kwa wakili. Singependa tufike huko. Mimi nataka kurudi barabarani.

Nimeambatisha nakala za karatasi tano za kazi kutoka karakana yenu, risiti mbili za lori, picha za raba na za pini, na video nne za vipimo.

Gari sasa liko uani kwangu, sijalibebea abiria tangu tarehe 8. Mkimtuma mtu, aje mchana, aje na mita, na asilipime mpaka tumekwenda nalo Mambrui na kurudi.

Wenu,

Mteja, dereva wa abiria
Malindi
(jina, sahihi na nambari ya gari vimo kwenye nakala iliyopelekwa kwa mkono)