Konokono Nimemlipia, Mbao Sijaiona

Mafinga, Iringa
19 Agosti 2024

Meneja,
Duka la Ala za Muziki,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MANDOLINI ILIYOUZWA KAMA YA MBAO NZIMA KUMBE NI PLAIWUDI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ndiye mteja aliyenunua kwenu mandolini, ile ala ya nyuzi inayofanana na gitaa dogo, tarehe 27 Julai kwa Sh 1,390,000. Nililipa kwa simu, mkaipakia kwenye basi la Mbeya, nikaipokea stendi ya Mafinga usiku wa siku iliyofuata. Boksi lilifika bila mkwaruzo. Na wenye basi sina ugomvi.

Kabla ya kulipa nilimuuliza kijana wenu wa mauzo swali moja, nikalirudia mara mbili: uso wa juu ni mbao nzima au plaiwudi? Akanijibu, "Mzee wangu, hiyo ni sprusi tupu, mbao nzima." Mazungumzo yote ya WhatsApp ninayo.

Huenda mlidhani mnamuuzia mwalimu wa kwaya tu. Kwaya nafundisha kweli, lakini kabla sijafungua karakana yangu ya samani nilifanya kazi miaka tisa kwenye kiwanda cha plaiwudi hapa Mufindi. Nimemenya magogo ya paini ya Sao Hill yakawa karatasi, nikapaka gundi, nikapanga karatasi moja ikienda urefu na ya pili ikiikatiza, nikaingiza kwenye mashine ya kubana. Plaiwudi siisemi vibaya, imenisomeshea watoto. Ni nzuri kwa dari na mgongo wa kabati. Ila uso wa mandolini kazi yake ni kutetemeka. Zile nyuzi nane za chuma, zilizofungwa mbilimbili, sauti yake huzimika upesi mno, ndiyo maana wapigaji hurudiarudia uzi haraka haraka ili noti ya muziki isikatike. Sauti fupi namna hiyo ukiipitisha kwenye matabaka yaliyokatizana, na gundi katikati, kinachotoka ni mlio wa debe.

Huo mlio ndio ulionishtua. Nikachukua tochi na kioo kidogo cha kunyolea ndevu, nikachungulia ndani kupitia tundu la sauti. Kwa ndani kuna jicho la mbao, kubwa kama kifungo cha shati. Kwa nje, mahali palepale, mistari imenyooka kama ya daftari. Mbao moja haiwezi kuwa na jicho upande mmoja na upande wa pili ikawa haina habari nalo, hasa ikiwa nyembamba vile. Ukingo wa tundu mmeupaka rangi nyeusi. Nikakwangua kwa wembe sehemu isiyozidi punje ya mchele, nikahesabu matabaka matatu, la katikati likikatiza. Mtasema nimeharibu bidhaa. Sawa, nimekwangua, na picha nimewatumia.

Nilipopiga simu nikaambiwa tatizo ni hali ya hewa ya huku, eti baridi na ukavu wa nyanda za juu "hubadilisha mbao". Ni kweli ala ya mbao nzima ikitoka kwenye unyevu wa Dar ikaletwa Mafinga mwezi wa saba inahitaji uangalizi, maana inaweza kusinyaa, hata kupasuka uso. Nilikuwa tayari kwa hilo, nimeshaandaa kitambaa chenye unyevu na kikopo cha kukiwekea ndani ya boksi. Lakini baridi ya Mafinga haijawahi kuchukua ubao mmoja ikaugeuza kuwa matabaka matatu. Ingekuwa hivyo, viwanda vyetu vingefungwa.

Sasa habari ya konokono. Niliwatafuta nikitaka umbo la A, lile la tone la maji, lililoandikwa Sh 1,150,000. Kijana akanihamishia kwenye umbo la F, lenye mbao iliyojikunja kama konokono begani na ncha ubavuni, akisema la A ni la wanafunzi. Si kweli. Maumbo yote mawili yametoka kwa Gibson wa Marekani, na konokono yule ni pambo. Faida yake nyingine ni kuning'inizia mkanda. Kumchonga kunakula saa nyingi za fundi, na saa hizo hulipwa na mnunuzi. Mwenye milioni kumi na alipe, ni raha yake. Kwa sisi wa milioni moja na ushee, kila shilingi inayokwenda kwa konokono inatoka kwenye mbao. Nilikuwa nalijua hilo na bado nikaongeza Sh 240,000, kwa sababu niliambiwa mbao haijaguswa. Na tamaa pia, nakiri. Konokono anapendeza.

Mlitangaza vilevile kwamba chombo "kimeshawekwa sawa, ni kufungua na kupiga". Daraja, kile kibao kinachobeba nyuzi, nililikuta limelala upande. Hilo siwadai, maana daraja la mandolini halibandikwi, linashikwa na mkandamizo wa nyuzi tu, na njia ni ndefu. Nililisogeza mwenyewe mpaka freti ya 12, kile chuma cha kumi na mbili shingoni, ikatoa oktavu kamili ya uzi mtupu, yaani noti ileile ya uzi usiobonyezwa ila ya juu zaidi. Lakini mikato ya nati, kile kipande kinachoshika nyuzi mwisho wa shingo, ni ya juu mno, ukibonyeza freti ya kwanza noti inapanda kuliko inavyotakiwa. Kwenye freti ya 12 nyuzi zimepaa zaidi ya milimita 3, wakati 2 au pungufu kidogo zinatosha. Kijana wangu mmoja wa kwaya, wa miaka 13, alijaribu dakika mbili akanirudishia huku ananyonya vidole. Huyo anapiga fidla, na upangaji wa nyuzi ni uleule, G, D, A, E, kwa hiyo msiseme hajui pa kushika.

Naomba mniletee mandolini ya umbo la A yenye uso wa mbao nzima kwa bei yenu ileile ya Sh 1,150,000, mnirudishie Sh 240,000, na usafiri wa kwenda na kurudi uwe juu yenu. Kama hamnayo, nirudishieni fedha yote. Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita kimya, nitaipeleka Tume ya Ushindani (FCC) pamoja na yale mazungumzo, maana Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji.

Kabla ya kutuma hiyo nyingine, nipigieni picha mbili: ukingo wa tundu la sauti kwa karibu, usiopakwa rangi, na rula ikiwa imesimamishwa kwenye freti ya 12. Hii yenu ipo ndani ya boksi lake, nyuzi nimezilegeza kidogo, inasubiri basi la kurudi.

Mteja wenu,
Fundi seremala,
Mafinga.