Barua ya wazi kwa Waziri wa Michezo wa Kaunti ya Mombasa: tupatieni pa kufanyia mazoezi ya gofu

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu zangu kutoka Likoni, ng'ambo ya kivuko. Nina miaka 23 na kazi yangu ni gofu. Mikoba ya wachezaji nimeibeba tangu nikiwa na miaka 11, lakini huu ni mwaka wa pili nacheza mwenyewe kwa kulipwa, kwenye mashindano ya humu nchini. Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo hili si langu peke yangu. Wapo vijana wengine wa Mombasa walioshika fimbo za gofu wanaoyajua haya kama mimi, ila hawajapata pa kuyasemea.

Nianze na mkwaju mmoja.

Ilikuwa Ijumaa, Nairobi, siku ya mchujo, nami nimesimama kwenye shimo la 18. Mashindano yetu makubwa huwa ya siku 4, mashimo 18 kila siku. Baada ya siku 2 watu huchujwa. Waliofanya vyema wanaendelea hadi Jumapili, waliobaki wanafunga virago, na aliyechujwa kwa kawaida haondoki na hata shilingi. Hesabu yangu niliijua vizuri: nikimaliza shimo lile kwa mikwaju 4, nimo. Wa kwanza ulikwenda sawa. Wa pili ulifika grini, zile nyasi fupi zinazolizunguka shimo. Wa tatu ulisimama futi 4 kutoka shimoni, umbali wa hatua moja na nusu. Kedi wangu, yaani mbeba mkoba, alichutama nyuma ya mpira, akainuka akaninong'oneza, "Lenga ndani ya ukingo wa kushoto, usiuogope." Nikausukuma. Ukagusa mdomo wa shimo, ukauzunguka, ukatoka. Nilichujwa kwa mkwaju 1.

Usiku ule sikulala. Nilikuwa kwa binamu yangu Kawangware, chumba kimoja sisi watatu, na mkoba wangu wa fimbo umesimama pembeni ya jiko. Nilijiuliza kwa nini mkono ulitetemeka kwa umbali mdogo kama ule, na jibu lilikuja bila kutafutwa. Mikwaju ya futi 4 naifanyia mazoezi sebuleni kwa mama, juu ya sakafu ya saruji, nikilenga kikombe cha plastiki kilicholazwa. Wenzangu walioendelea Jumamosi huifanyia kwenye grini, mia kwa siku, mwaka mzima. Saruji haina mteremko wala nyasi. Haikufundishi mpira utakavyokata kona ukikaribia shimo.

Na ile safari nzima ilikuwa na gharama zake, Mheshimiwa. Gari la moshi kutoka Miritini ni shilingi 1,500 kwenda na 1,500 kurudi. Kedi ni 2,000 kwa siku, na pesa yake ni haramu kuichelewesha, nishinde nisishinde, kwa sababu baba yangu alikuwa kedi na najua nyumba inavyokuwa siku mchezaji anapoondoka bila kulipa. Kuna ada ya kushiriki, kuna chakula, kuna matatu za kwenda na kurudi uwanjani. Wengine wanaingia langoni kwa magari yao, mimi naingia kwa miguu na mkoba mgongoni, na si mara moja askari wa lango ameniuliza nambebea nani. Hilo nimelizoea. Futi 4 zile ndizo zilizoniuma.

Baba alikuwa akicheza Jumatatu tu, siku ya makedi. Siku nyingine zote alitembea hatua mbili nyuma ya mwenye mkoba, akimsomea upepo. Aliujua upepo wa mji huu kama nahodha. Kuanzia mwezi wa 4 kusi inaposhika, alinifundisha kuupiga mpira chini chini, mkono wa kushoto ukitangulia, ili upepo usiunyanyue ukaupeleka baharini. Kaskazi ikirudi mwishoni mwa mwaka, shimo lile lile linakuwa shimo jingine kabisa. Mipira yangu ya kwanza niliiokota kwenye miamba maji yakipwa, ile iliyowaponyoka wachezaji, mingine imeota kijani kwa kukaa baharini. Fimbo yangu ya kwanza ilikuwa namba 7, imekatwa mpini na kufungwa raba ya baiskeli pa kushikia.

Kwa hiyo sisi wa Pwani tuna elimu ambayo wa bara hawana. Tatizo ni kwamba ukipanda Nairobi, elimu ile lazima uipime upya. Mji ule uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na mpira unakwenda mbali kuliko hapa. Fimbo inayonipa yadi 150 Mombasa inanipa zaidi ya 160 kule. Mara ya kwanza nilicheza Karen nilipiga mpira mzuri kuliko yote ya siku ile, nao ukapaa juu ya grini ukaangukia vichakani nyuma. Nyasi za kikuyu nazo ni ngumu, zinashika fimbo kama mkono. Tangu hapo nina kijitabu, kila fimbo ina safu mbili: Mombasa, Nairobi. Safu ya Nairobi naijaza kwa siku mbili tatu kabla ya mashindano. Safu ya Mombasa ndiyo ingetakiwa iwe imejaa tele, maana hapa ndipo ninapoishi, na ndiyo yenye mapengo mengi.

Ina mapengo kwa sababu sina pa kupiga.

Kisiwani kuna uwanja wa mashimo 9 kando ya Mama Ngina, wa klabu iliyokuwepo tangu 1911. Nyali kuna wa mashimo 18. Ukivuka kaunti, kuna Diani upande wa Kwale na Vipingo upande wa Kilifi. Vyote ni mali ya wanachama au ya wawekezaji, waliovijenga na wanaovitunza kwa pesa zao, na sina neno baya juu ya haki yao. Wapo wanachama walionisaidia sana. Fimbo ninazochezea leo, zote 14, nilipewa na mzee mmoja aliyeacha kucheza kwa sababu ya mgongo, akasema anataka kuziona zikitembea. Lakini msaada wa mtu mwema hauna ratiba. Mwaka jana, wiki moja kabla ya mashindano, nilikwenda klabu moja ya hapa Pwani nikiwa nimeahidiwa saa 2 za mazoezi. Aliyeniahidi alikuwa safarini. Bwana niliyemkuta ofisini alikuwa na adabu kabisa. Aliniambia nilipe ada ya mgeni au nirudi Jumatatu na makedi. Ada sikuwa nayo, na Jumatatu nilitakiwa niwe ndani ya gari la moshi. Nikageuka, nikavuka feri, nikaenda Shelly.

Shelly Beach ndiyo shule yangu. Maji yakipwa alfajiri, kabla watu hawajajaa, nachora mstari mchangani kwa kisigino na kupiga mpira mmoja mmoja kuutoa. Ndiyo maana kwenye mashimo ya mchanga sina wasiwasi, hata wachezaji wakubwa wameniuliza nilijifunzia wapi. Watu wakiniona pale hunitajia Seve Ballesteros, Mhispania aliyeshinda Kenya Open mwaka 1978 na British Open mwaka uliofuata, kwamba naye alijifunzia ufuoni mwa kijiji chao, Pedreña, kwa fimbo moja namba 3. Ni kweli. Lakini husahau nusu ya pili ya hadithi: Seve alikuwa akiingia kwenye uwanja wa gofu wa jirani kwa kujificha, usiku. Sitamani mtoto wa Mtongwe au Kisauni ajifunze kwa kuruka ua wa watu, Mheshimiwa. Unajua vizuri kinachompata kijana wa kwetu akikutwa usiku ndani ya ua usio wake.

Desemba 2019 nilipanda matatu hadi Vipingo kutazama Magical Kenya Ladies Open ilipochezwa kwa mara ya kwanza. Alishinda Mjerumani, Esther Henseleit, ana miaka 20 tu, na ule ukawa ushindi wake wa kwanza katika mfululizo wa mashindano ya gofu ya wanawake ya Ulaya. Mwaka 2024, kwenye Olimpiki ya Paris, alichukua medali ya fedha. Nilipomwona kwenye simu amesimama jukwaani nilifurahi kama jirani, kwa sababu safari ile ilipitia kwenye upepo wetu. Lakini siku ile ya Vipingo kilichonishika zaidi ni uwanja wa mazoezi. Mipira ilikuwa imepangwa vichuguu vichuguu, myeupe, safi, na kila mchezaji anapiga kadiri apendavyo bila kuhesabiwa. Nilisimama nyuma ya kamba nikawatazama kwa saa nzima. Msichana mmoja alipiga fimbo ile ile, mahali pale pale, mpaka nikachoka mimi mtazamaji. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mashindano ni kama siku ya harusi, na kazi yote imefanywa jikoni usiku kucha.

Ombi langu ni jiko hilo.

Siombi uwanja wa mashimo 18. Najua kaunti yetu ndiyo ndogo kuliko zote nchini kwa eneo, na najua bei ya ardhi hapa. Naomba eneo la mazoezi la umma: ekari 10 hadi 15 za ardhi ya kaunti, ndefu kiasi cha yadi 250, vyandarua virefu pembeni kwa usalama wa majirani, mikeka ya kupigia, na grini moja kubwa ya kweli yenye mashimo 6 au 7 ya kulenga. Basi. Mtoto wa shule aingie bure mchana na sare yake, kedi aingie akitoka kazini, mwananchi mwenye uwezo alipie ndoo ya mipira na pesa hiyo itunze nyasi.

Utaulizwa maji yatoka wapi, wakati mifereji ya nyumbani imekauka. Ni swali la haki. Mikeka haihitaji maji. Kwa grini, kuna aina ya nyasi iitwayo paspalamu inayoota fuoni na kuvumilia maji ya chumvichumvi, yale yale ya visima vyetu ambayo hayafai kunywa. Hatutamnyang'anya mama yeyote ndoo yake.

Utaambiwa pia kuwa gofu ni mchezo wa matajiri. Anayesema hivyo anatazama mkoba, hamtazami aliyeubeba. Wengi wa wachezaji wa kulipwa wa nchi hii wametoka kwenye ukedi. Dismas Indiza ametokea Mumias, si kwenye majumba ya Nairobi, na ameshindana na wageni kwa miaka mingi. Kenya Open inachezwa tangu 1967 na hakuna Mkenya aliyewahi kuishinda; Jacob Okello alifika hadi mashimo ya nyongeza mwaka 1998 akakosa hapo hapo mlangoni. Vipaji vipo. Kinachowatenga na wageni ni yale maelfu ya mikwaju ya mazoezi ambayo mgeni ameipiga akiwa na miaka 12 na sisi tumeanza kuitafuta tukiwa na 20.

Na sheria iko upande wako. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeiweka michezo na viwanja vyake kwenye majukumu ya kaunti, wala halikutaja mpira wa miguu peke yake. Nafurahi vijana wa soka wakipata uwanja wa Bomu na kwingineko, ndugu yangu mdogo ni mmoja wao. Naomba tu tuongezewe mkeka mmoja kwenye baraza.

Sikuomba nauli humu ndani, na nimefanya hivyo kwa makusudi. Nauli nitaitafuta. Mwaka huu nimefundisha watoto wawili wa mwanachama mmoja kila Jumamosi, na pesa hiyo imenifikisha Nairobi mara 3. Lakini grini siwezi kuitafuta kwa Jumamosi, wala siwezi kumpa mtoto wa jirani yangu, binti wa miaka 9, ambaye sasa anakuja Shelly alfajiri kunitazama na ameanza kuniazima ile namba 7 iliyokatwa. Anaupiga mpira vizuri mno. Akiniuliza tutakwenda lini kwenye nyasi, namwambia bado.

Nimechora ramani ya eneo hilo kwenye karatasi 4, na vipimo vyake, na orodha ya vifaa. Nipe nusu saa ofisini kwako nije na mzee mmoja wa makedi, nikueleze mwenyewe. Siku yoyote isipokuwa wiki ya mashindano. Ukipenda kuona kwanza, njoo Shelly siku ambayo maji yanakupwa alfajiri. Tunaanza saa 12 asubuhi, mimi na yule binti.

Wako mtiifu,

Mchezaji gofu wa kulipwa,
Likoni, Mombasa