Barabara zetu ziandikwe mwenyewe ni nani

Kwa Mhariri,

Mwezi wa tano, masika yaliposhika, tuktuk ilipinduka katika njia panda ya mtaa wetu huku Kisauni. Ndani alikuwamo jirani yangu, mjamzito wa miezi saba, akirudi kliniki. Mtoto alisalimika, alhamdulillahi, ila mama alivunjika mkono. Shimo lilikuwa limejaa maji, halionekani. Sisi wa mtaani tunalijua vizuri, maana lina zaidi ya mwaka.

Siku ya tatu nilikwenda kuripoti. Afisi ya kwanza niliambiwa barabara ile si yao. Ya pili wakanieleza kwamba lami ni yao, lakini mtaro na ile njia inayoingia mtaani ni za wenzao. Nilipanda matatu nne siku ile, na nilirudi nyumbani bila hata karatasi moja yenye mhuri. Vijana wa bodaboda ndio waliochomeka tawi la mwarobaini shimoni ili watu wajihadhari, na mpaka leo hakuna alama nyingine.

Sheria yenyewe si siri. Sheria ya Barabara ya 2007 iliunda mamlaka tatu za kitaifa: KeNHA ya barabara kuu, KURA ya barabara za mijini na KeRRA ya mashambani. Kisha Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, ikaiachia serikali ya kitaifa barabara kuu, na kaunti zikapewa barabara za kaunti pamoja na taa zake. Katika mji uliobanana kama Mombasa, barabara hizi zinaingiliana kila baada ya hatua chache. Dereva hawezi kujua ni wapi ya mmoja imekoma na ya mwingine imeanza. Anachojua ni kwamba katika kila lita ya petroli anakatwa shilingi 25 za kutunza barabara, zilizokuwa 18 hadi Julai 2024. Magavana na wabunge wamevutana vikali juu ya shilingi bilioni 10.5 za mfuko unaokusanya makato hayo. Hayo nawaachia wao. Langu ni dogo zaidi.

Miaka michache iliyopita nilimsindikiza shangazi yangu India kwa matibabu, tukateremkia Chennai na kwenda Vellore kwa gari. Kando ya barabara niliona mawe meupe yenye vichwa vya njano. Tulipochepuka, vichwa vikawa vya kijani. Nikamuuliza dereva. Akasema ya njano ni barabara ya taifa, ya kijani ni ya jimbo. Kule kila jimbo lina mtandao wake wa barabara kuu, unaounganisha makao ya wilaya na miji mikubwa na kuungana na barabara za taifa, na ni serikali ya jimbo inayozijenga na kuzitunza. Barabara za ndani zaidi nazo zina rangi zake. Sisemi hazina mashimo. Tuliruka mengi, na shangazi akiugulia kila tukiruka. Lakini mtu wa kule akitaka kulalamika, hahitaji kuzunguka mji mzima kuuliza aanzie wapi.

Mhariri, naomba kaunti yetu na mamlaka za kitaifa wakae meza moja, wakubaliane rangi, na kila barabara ya Mombasa iwekewe jiwe au kibao chenye rangi hiyo, jina la mwenye kuitunza na nambari ya simu inayopokelewa. Saruji na rangi si vitu vya kungojea mkopo wa nje. Na pale barabara mbili zinapokutana, ambapo ndipo mashimo mengi ya mtaani kwetu yalipo, iandikwe wazi nani anaziba na nani anazibua mtaro. Wakianza na njia panda za Kisauni kabla ya mvua za vuli, sisi wakazi tuko tayari kuwaonyesha zilipo, moja baada ya nyingine.

Jirani yangu amejifungua mtoto wa kike. Bado hawezi kumbeba kwa mkono wa kulia.

Mkazi wa Kisauni,
Mombasa