Mmeuza Mashine na Memori Kadi Zetu Zikiwa Ndani

Dar es Salaam,
Machi 2026

Kwa Meneja Mkuu,
Kampuni ya Kumbi za Gemu,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KUONDOLEWA KWA MASHINE ZA ZAMANI NA KUPOTEA KWA MEMORI KADI ZA LIGI YA IJUMAA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwanachama wenu mwenye kadi ya mwaka, na ninaandika kwa niaba yangu na ya wenzangu wa Ligi ya Ijumaa, tunaocheza PES, gemu ya mpira wa miguu, kwenye mashine za PlayStation 2 (PS2). Mwezi uliopita tulifika ukumbini jioni kama kawaida yetu tukakuta kona yetu imefagiliwa. PS2 zote zimeondoka, tivi za kichogo zimeondoka, hata lile benchi la mbao la wanaosubiri zamu limeondoka. Mahali pake pana viti vya kuzunguka, skrini bapa, taa za zambarau na miwani ya uhalisia pepe ambayo kijana wa mapokezi alitutajia bei yake kwa dakika, tena kwa sauti ya mtu anayejua kwamba hatutalipa. Taarifa pekee tuliyopata ni ujumbe kwenye grupu la WhatsApp, uliotumwa mchana wa siku hiyohiyo: "Tumeboresha!" na picha za fataki.

Nianze na lililo jepesi kulithibitisha. Kipeperushi mlichotugawia mwezi Januari mkiuza kadi za mwaka kiliandikwa hivi: "Ligi ya PES kila Ijumaa, mashine za kitambo zipo." Tulilipa fedha ya mwaka mzima kwa mkupuo mmoja, risiti tunazo, na kipeperushi tunacho. Hatukununua haki ya kuingia mlangoni na kukaa kwenye kiti kinachozunguka. Tulinunua Ijumaa, PES na mashine za kitambo, vitu vitatu mlivyovitaja ninyi wenyewe, na sasa kilichobaki ni Ijumaa peke yake. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu huduma anayomuuzia. Sipendi kuanza na sheria kwa watu tuliozoeana nao, lakini simu zetu zimepokelewa na kukatwa, kwa hiyo naiweka hapa mapema.

Sasa nije kwenye lililotuuma hasa, maana fedha hurudishwa.

Kila mashine ilikuwa na memori kadi. Ni kidude kidogo cheusi cha megabaiti nane kinachohifadhi ulichokifanya kwenye mchezo, na mtu asiyejua anaweza kudhani ni kipande cha mashine. Memori kadi zile hazikuwa zenu. Tulizinunua wenyewe na kuzibandika majina yetu kwa plasta nyeupe, na wahudumu wenu wa zamani walizifungia kwenye droo baada ya kila ligi. Ndani yake mlikuwa na kazi yetu ya miaka. PES haikuwahi kuwa na Simba wala Yanga, wala haikuwa na leseni za timu nyingi zinazopendwa hapa. Liverpool aliitwa Merseyside Red, Everton akaitwa Merseyside Blue, nasi tulizoea kucheka tukajua nani ni nani. Lakini Simba na Yanga hazina jina la kubahatisha. Tulizitengeneza. Tulichukua timu tusizozihitaji, tukazifuta, tukachora nembo nukta kwa nukta kwa kutumia pedi, jambo linalochosha vidole kuliko fainali yoyote. Tukaingiza majina, urefu, mguu wanaopigia, staili ya nywele.

Halafu yakaja mabishano ya namba. Kasi ya Simon Msuva ilijadiliwa hadi watu wakatoka nje kupigiana simu na ndugu zao wa Yanga waje kutoa ushahidi. Emmanuel Okwi alitengenezwa mara mbili kwa sababu alivaa jezi zote mbili, na kila upande ulidai kwamba Okwi wake ndiye halisi. Juma Kaseja tulimpa mikono ambayo mashabiki wa Yanga waliiona ya upendeleo, mpaka tulipokumbushana kwamba hata kwao alidaka. Kila dirisha la usajili lilipofunguliwa tulikaa upya: nani kaja, nani kaondoka, nani kashuka kiwango. Clatous Chama aliingia, baadaye Fiston Mayele akaingia, kwenye PES 2013, mchezo uliotoka mwaka 2012 na kampuni iliyoutengeneza ikausahau. Hakuna duka duniani linalouza kitu hicho, na hakuna toleo jipya litakalokileta, kwa sababu hakuna anayekijua isipokuwa watu waliokuwa wakikaa kwenye lile benchi.

Tulipouliza memori kadi ziko wapi, msimamizi wa tawi alijibu kwamba mashine zimeuzwa kwa bei ya jumla kwa mnunuzi wa vyombo chakavu, "pamoja na vitu vyake". Ndugu Meneja, plasta zilikuwa na majina. Mtu aliyezitoa kwenye droo au kuziacha kwenye mashine alizisoma.

Msimamizi huyo alituambia na jambo jingine, na kwa kuwa alilisema mbele ya watu nadhani ndiyo sera ya kampuni. Alisema hatujui tunachokitaka. Tukizoea mashine mpya hatutakumbuka za zamani. Kauli hii ina historia. Mwaka 2013, kwenye mkutano wa kampuni ya Blizzard huko Marekani, mchezaji mmoja aliuliza kama wangefikiria kurudisha World of Warcraft, mchezo wao wa mtandaoni, kama ilivyokuwa mwanzoni. Kiongozi mmoja wa mchezo huo alimjibu jukwaani: "Unadhani unaitaka, lakini huitaki." Agosti 2019 kampuni hiyohiyo ikaitoa, ikaiita Classic, na watu wakapanga foleni ya saa nyingi kuingia kwenye seva. Mwaka huohuo wa 2013 watengenezaji wa RuneScape, mchezo mwingine wa mtandaoni, walikuwa wameamua tofauti: waliwapigisha kura wachezaji, kisha wakafufua mchezo kama ulivyokuwa Agosti 2007. Umechezwa tangu hapo hadi leo. Sitarajii kampuni yenu ipige kura. Ningetarajia tu iulize.

Mnatuona tumeganda. Hata vijana wenu wa mapokezi wanatuita "wazee wa kichogo", na baadhi yetu hatujafika miaka thelathini. Lakini kuganda na kuchagua si kitu kimoja. PS2 ilianza kuuzwa Machi 2000 na utengenezaji wake ulisimama mwanzoni mwa 2013. Ziliuzwa zaidi ya milioni 155. PES na mwenzake FIFA ziliendelea kutoka kwa mashine hiyo mpaka msimu wa 2014, wakati PS4 inaingia dukani. Haikuwa huruma ya kampuni, soko lilikuwepo, na sehemu ya soko hilo ilikuwa vibanda vya gemu vya mitaani kwetu ambako wengi wetu tulijifunza kushika pedi. Anayefungwa anapisha. Mashine moja, tivi moja, watu kumi, na umeme ukikatika mnabaki mkibishana hadi urudi. Mashine haikudai intaneti, haikudai akaunti, haikudai kusasishwa gigabaiti kadhaa kabla ya kupiga mpira wa kwanza.

Kuna na sababu ya kiufundi ambayo fundi wenu anaijua. Tivi ya kichogo haicheleweshi picha. Skrini nyingi bapa huichakata picha kwanza ndipo ziionyeshe, na ishara ya mashine ya zamani inapopitishwa kwenye skrini hizo unabonyeza sasa, mchezaji anapiga baadaye kidogo. Kwa anayecheza kwa kujifurahisha hilo si kitu. Kwa mtu anayekaba kwa kuhesabu hatua za Roberto Carlos ni mechi nzima. Wachezaji wa Super Smash Bros. Melee, mchezo wa mapigano wa mwaka 2001, wamebeba tivi za kichogo kwenye mashindano yao Marekani miaka yote hii kwa sababu hiyo. Mwaka 2013 walichangishana zaidi ya dola 94,000 kwa ajili ya utafiti wa saratani ya matiti ili mchezo wao upate nafasi kwenye mashindano makubwa ya Evo, wakaipata. Watu hao nao walikuwa na mashine mpya nyumbani.

Mzee anayecheza bao pale mtaani hajawahi kuambiwa kwamba kete zake zimepitwa na wakati.

Na hicho kipya tunachoambiwa tukizoee tumekionja, tena siku ya kwanza. PES ilipobadilishwa jina kuwa eFootball, ikatoka tarehe 30 Septemba 2021 bila malipo, tulishusha kwa bando zetu tukiwa na furaha ya kweli. Wachezaji walikuwa na nyuso za kutisha, mikono imejikunja vibaya, mpira unapita ndani ya miguu. Kampuni iliomba radhi hadharani ndani ya siku chache, na toleo lililokamilika likasubiri Aprili 2022. Umekuwa bora tangu hapo, sitabisha, na wapo wenzetu wanaoucheza kwenye simu wakiwa kwenye daladala. Ila baada ya mwanzo ule, anayerudi kwenye PES 2013 anakimbilia kitu kilichokwisha kutengenezwa. Tena hakibadilishwi usiku ukiwa umelala. The Crew, mchezo wa magari uliotoka 2014, ulizimwa seva zake Machi 2024, na waliokuwa wameununua wakabaki na diski isiyochezeka. Diski yetu ya PES 2013 ina mikwaruzo na inachezeka.

Naomba nigusie na vifurushi vya wachezaji, kwa sababu hapa kampuni yenu imeongeza ya kwake. Kwenye mashine mpya mmefungua akaunti moja ya ukumbi, na mwanachama akitaka mchezaji mzuri anachangia shilingi ili kifurushi kifunguliwe. Kinachotoka hakijulikani mpaka kifunguliwe. Akitoka, mchezaji anabaki kwenye akaunti yenu, na kesho anachezewa na mtu mwingine. Mmoja wetu alichangia, akapata golikipa wa akiba. Ubelgiji mamlaka ziliamua mwaka 2018 kwamba vifurushi vya kulipia vya namna hii ni kamari, na kampuni ya EA, inayotengeneza gemu ya FIFA, ikaacha kuuza sarafu za kununulia vifurushi vyake nchini humo Januari 2019. Ninyi mnavifungua mbele ya watoto wa shule waliovaa sare, saa kumi jioni. Hili halihusu uzee wala ujana. Hata mngeturudishia kona yetu kesho, bado ningeliandika.

Nisieleweke kwamba tunataka taa za zambarau zizimwe. Vijana wanaojaa pale Jumamosi wanalipa, wanafurahi, na kelele zao ndizo zinazowalipia kodi. Wakae. Kona tuliyokuwa nayo ilitosha tivi mbili, na sasa hivi imewekwa kabati la kuuzia vinywaji vya kuongeza nguvu ambalo lingeweza kukaa popote.

Tunachodai ni hiki. Kwanza kabisa, mtupe jina na namba ya mnunuzi wa zile mashine leo hii, kabla hajazitawanya kwenye vibanda, tumfuate wenyewe kwa nauli zetu. Memori kadi zikipatikana tutazinunua kwake ikibidi, nanyi mtaturudishia gharama. Zisipopatikana hatutawaomba fidia ya Msuva na Okwi, kwa kuwa hatuwezi kuwapangia bei. Tutaomba barua ya kukiri kwamba mliuza mali ya wanachama bila idhini, na mali hiyo itajwe. Ninyi mtachagua kati ya kurudisha PS2 mbili na tivi zake kila Ijumaa jioni hadi kadi zetu ziishe muda, au kutulipa miezi iliyobaki kwa kila mwanachama kwa fedha taslimu. Hatutaki pointi za ukumbi, wala dakika za bure za kuvaa miwani. Na vifurushi viondolewe kwenye mashine zinazotumiwa na watoto.

Mashine si ngumu kuzipata. Mwenzetu mmoja ana mbili nyumbani zinazofanya kazi na yuko tayari kuwauzia kwa bei ya kawaida, pamoja na pedi, ingawa moja ina kitufe cha R1 kinachonata. Tivi za kichogo zimejaa kwa mafundi, wengine watawapa bure mkizibeba.

Tunasubiri majibu ya maandishi ndani ya siku kumi na nne tangu mtakapopokea barua hii. Yasipokuja, nakala yake, risiti zetu na kipeperushi chenu vitapelekwa Tume ya Ushindani. Ijumaa hii tutakuja ukumbini kama kawaida, saa moja jioni, kwa kuwa kadi zetu bado hai. Tutakuwa na PS2 ya mwenzetu kwenye begi. Tunaomba tu soketi moja ya umeme.

Wako mwanachama,

Katibu wa Ligi ya Ijumaa
(Kwa niaba ya wanachama waliosaini karatasi iliyoambatanishwa)

Nakala: Msimamizi wa Tawi