Tiketi zipi ukate mapema, na zipi uziache kwanza

Mteja akishaijua tarehe ya likizo yake, mara nyingi hutaka kulipia kila kitu siku hiyohiyo: ndege, treni, makumbusho, hata basi la kutoka uwanja wa ndege kwenda hotelini. Sisi mawakala wa safari tunamwelewa. Tiketi ikishalipiwa, moyo unatulia. Tatizo ni kwamba tiketi nyingi za bei nafuu hazibadilishwi na fedha yake hairudi, kwa hiyo siku moja ya safari ikisogea, zote zilizofuata zinakwenda na maji.

Ndiyo maana kabla ya kukata chochote tunamwuliza mteja maswali mawili tu. Nafasi za kitu hiki huwa zinajaa? Na bei yake hupanda kadiri siku inavyokaribia? Kama jibu ni hapana kwa yote mawili, hakuna haja ya kuharakisha.

Viza ndiyo inayotangulia. Kwa nchi za Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na lisiwasilishwe zikiwa zimebaki chini ya siku 15. Uamuzi kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, lakini unaweza kuchukua hadi siku 45. Anayeomba dakika za mwisho anajikuta ameshika tiketi ya ndege huku pasipoti yake ikiwa bado ubalozini. Kwa ajili ya ombi lenyewe, mara nyingi nafasi ya ndege iliyoshikwa inatosha. Usilipie nauli isiyorudishwa kabla ya kuiona viza kwa macho yako.

Ndege sasa. Nauli hupanda, viti hujaa, hasa msimu wa likizo za shule na sikukuu, kwa hiyo hii haina ubishi: ikate mara tu viza ikitoka. Ila angalia jinsi unavyoikata. Watu huona kwamba kununua tiketi mbili tofauti, moja hadi mji wa kuunganishia na nyingine kutoka hapo, ni bei nafuu kuliko tiketi moja. Kwenye karatasi ni kweli. Lakini ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halina habari na wewe. Kwao wewe ni abiria ambaye hakutokea, na nauli imekwisha. Zaidi ya hapo, mara nyingi mizigo haipitilizi. Inabidi utoke uhamiaji, uichukue, uikabidhi upya, na kutoka huko kunaweza kudai viza ya nchi ambayo hukukusudia hata kuikanyaga. Safari yote ikiwa kwenye bukingi moja, ndege ikichelewa ni wajibu wa shirika kukufikisha. Kwa safari ya kwenda na kurudi pia, usiache kupanda ndege ya kwanza ukidhani ya kurudi itakusubiri: mashirika mengi hufuta sehemu zote zilizobaki.

Baada ya ndege wengi hukimbilia treni. Sisi tunashauri uanze na sehemu za kutembelea, kwa sababu ndizo zinazoamua utakuwa mji gani siku gani. Nyumba ya Anne Frank, Amsterdam, makumbusho ya msichana Myahudi aliyejificha humo wakati wa vita, haiuzi tiketi mlangoni kabisa. Kila Jumanne hufunguliwa mtandaoni tiketi za wiki sita mbele, na za msimu wa watalii huondoka haraka. Mchoro wa Karamu ya Mwisho wa Leonardo da Vinci, Milan, hutazamwa na kikundi kidogo kwa dakika 15, kisha kinaingia kingine. Alhambra, ngome na kasri za kale kule Granada, Hispania, tiketi yako ina saa maalumu ya kuingia Kasri za Nasrid, na saa hiyo ikikupita unabaki na bustani na ngome peke yake. Inauma sana kumwona mtu amevuka bahari kwa ajili ya mlango mmoja, akaukuta umejaa. Kama kuna sehemu ambayo ndiyo sababu ya safari yako, tutajie siku ya kwanza tunapokutana.

Treni zinatofautiana. Zile za mwendo kasi kama TGV, Eurostar na Frecciarossa huuza kama ndege: unapochelewa kukata, nauli inapanda. Hizo zikate mapema. Treni za mikoani za Italia zina nauli ileile hata ukinunua dakika kumi kabla ya kuondoka, basi ziache. Uswisi, tiketi ya kawaida haikufungi kwenye treni moja; ukikosa hii unapanda inayofuata. Japani nayo ina mambo yake: pasi ya siku 7 ya kupanda treni nchi nzima ilipanda Oktoba 2023 kutoka yen 29,650 hadi yen 50,000, na kwa anayekwenda Kyoto kutoka Tokyo na kurudi tu, tiketi za kawaida ni rahisi zaidi.

Siku ya kufika tunaiacha wazi makusudi. Ndege inaweza kutua saa 4 asubuhi kama ilivyoandikwa, lakini kuna foleni ya pasipoti, kuna kusubiri mizigo, kuna kutafuta kituo cha treni katika uwanja usioujua. Tiketi ya treni ya saa 6 isiyobadilishwa ni kamari. Lipa kidogo zaidi upate inayobadilika, au lala mji uliotua na uondoke kesho yake.

Metro, mabasi ya mjini na vivuko vidogo visikusumbue. London, kwa mfano, unagusisha kadi ya benki kwenye mashine ya kuingilia, imekwisha; nauli ni ileile ya Oyster, kadi ya usafiri ya mji huo.

Ukija kwetu, leta nakala ya ukurasa wa pasipoti wenye picha, kwa kila msafiri, watoto wakiwemo. Majina kwenye tiketi ya ndege lazima yafanane na ya pasipoti, na sehemu kama Alhambra huangalia kitambulisho mlangoni. Pasipoti iliyobakiza chini ya miezi sita tuambie mapema, maana nchi nyingi haziipokei, na hapo itabidi tungoje mpya kabla ya kukata tiketi yoyote.