Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka Tuliokwenda Lincoln

Ndugu wanachama,

Nawasalimu nyote, mliopo hapa na walioko kazini kwa zamu ya Jumamosi. Hesabu atazisoma Mweka Hazina mwenyewe, nami sitamwingilia. Niseme tu kwamba mfuko wa mazishi uko salama, na mwaka huu tumesafirisha mwili mmoja kwenda nyumbani. Mungu amrehemu mwenzetu. Darasa la Kiswahili la watoto linaendelea. Wanafunzi wanaongezeka, walimu ni wale wale wawili. Anayeweza kushika chaki amwone Katibu.

Limebaki la safari, na najua ndilo mlilokuja kulisikia, maana ndilo lililoleta maneno.

Miaka yote safari yetu huwa ni ya pwani, tukala chipsi upepo ukitupiga. Mwaka huu kamati ikachagua mji wa Lincoln, hapa Uingereza, kilima cha Canwick, kwenye kituo cha kumbukumbu ya Bomber Command, kikosi cha ndege za mabomu cha Uingereza katika Vita vya Pili. Wengine mkauliza vita vya Wazungu vinatuhusu nini sisi. Mimi ndiye niliyelipendekeza, kwa ajili ya mtu mmoja anayeitwa Cy Grant, kwa hiyo lawama zije kwangu, na majibu ni haya.

Grant alizaliwa mwaka 1919 Guyana, upande wa Karibi, wakati huo koloni la Waingereza, baba yake akiwa mchungaji wa Kimoravian. Hadi vita vinaanza mwaka 1939, jeshi la anga la Uingereza halikumpa uafisa mtu asiye wa asili ya Ulaya. Sharti hilo liliondolewa mambo yalipobana, na mwaka 1941 Grant akajiunga. Alianza kufunzwa urubani, kisha akahamishiwa kazi ya navigeta, yaani mwongoza njia. Baadaye yeye mwenyewe aliamini kwamba kilichomhamisha ni rangi yake.

Kazi hiyo naomba niieleze kidogo. Ndege aina ya Lancaster ilibeba watu saba. Navigeta aliketi nyuma ya rubani mbele ya meza ndogo, kazungushiwa pazia ili mwanga wa taa yake usionekane nje. Wenzake waliona moto na mizinga. Yeye aliona ramani, penseli na saa. Kila baada ya dakika sita alipaswa kujua ndege iko wapi na upepo umeisogeza kiasi gani. Walichagua sita kwa sababu ni sehemu ya kumi ya saa, hesabu yake ni nyepesi hata kwa mtu anayetetemeka kwa baridi. Mimi niliyelinda wodi usiku miaka mingi, nikiandika mapigo ya moyo ya mgonjwa kwa saa yake huku jengo zima limelala, nilipoisoma habari hiyo nilimwelewa yule kijana bila kufafanuliwa.

Alipangiwa Skwadroni ya 103, uwanja wa Elsham Wolds, kaskazini mwa mkoa huo huo wa Lincoln, Lincolnshire. Zamu kamili ilikuwa safari 30 za vitani, na wengi hawakuimaliza. Grant alifika ya tatu. Usiku wa tarehe 25 Juni 1943 walitumwa Gelsenkirchen, Ujerumani, na wakati wa kurudi ndege ya kivita ya Wajerumani ikawapata juu ya Uholanzi. Watano waliruka kwa miavuli wakapona, wawili wakafa. Ndege ikaangukia nyumba ya mkulima karibu na kijiji cha Nieuw-Vennep, ikamuua mke wa mkulima. Mama huyo namtaja kwa makusudi. Mwanachama mmoja aliniuliza kama tunakwenda kuwasifu watu waliodondoshea mabomu watoto wa wengine. Swali ni la haki, na pale kilimani wenyewe hawakulificha. Wameeleza pia habari za waliokuwa chini.

Mkulima mwingine alimsaidia Grant, polisi Mholanzi akamkabidhi kwa Wajerumani. Wakampiga picha, ikatoka gazetini kwao, na maelezo chini yake yakasema huyu ni mtu wa jeshi la anga la Uingereza wa asili isiyobainika. Akakaa mateka miaka miwili, sehemu kubwa katika kambi ya Stalag Luft III, ile ambayo Machi 1944 mateka 76 walitoroka kwa handaki na 50 kati yao wakapigwa risasi. Grant hakuwa miongoni mwa watoro. Januari 1945 mateka walitolewa wakatembezwa kwenye theluji kuelekea magharibi, kwa kuwa Warusi walikuwa wanakaribia.

Alipoachiwa alisomea sheria, na mwaka 1950 akapokewa uwakili London. Ofisi ya kumchukua haikupatikana. Akageukia uigizaji na gitaa, na kuanzia mwaka 1957 Waingereza wakawa wanamwona BBC akiimba habari za siku kwa kalipso, muziki wa Karibi, mtu mweusi wa kwanza kuonekana mara kwa mara kwenye televisheni yao. Amefariki mwaka 2010, miaka 90.

Siku yenyewe basi lilichelewa saa moja na nusu, na waliotukodisha hawakusema hata samahani, Katibu amewaandikia. Tulipofika, mnara ule mwembamba wa mita 31, urefu sawa na mabawa ya Lancaster toka ncha hadi ncha, ulikuwa umezama nusu kwenye ukungu. Kuta zake ni za chuma chenye rangi ya kutu, na majina karibu 58,000. Watoto wa darasa letu walikimbilia herufi G kumtafuta Grant. Akina Grant walikuwapo, yeye hayupo. Mmoja akarudi amenuna, anasema Mwenyekiti umetudanganya. Nikamwambia ukuta huu ni wa waliokufa, huyu alirudi nyumbani. Akafikiri, kisha akaniuliza: sasa jina lake limeandikwa wapi?

Jibu ninalo. Mtoto wa Kiholanzi wa miaka 11 aliyeiona ndege ile ikianguka alikua, akawatafuta waliokuwamo. Mwanawe ndiye aliyeshirikiana na Grant, naye Grant ameshapita miaka 80, kuandaa orodha ya wanajeshi wa ndege waliotoka Karibi kwenye mtandao. Majina zaidi ya 400 yamekusanywa humo.

Ndipo nikakumbuka babu zetu wa keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, waliopelekwa vitani Burma kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasa. Katika ukumbi huu wajukuu wao hawapungui. Kamati inapendekeza kila kaya ilete ilichonacho: picha, nishani, cheti, au kumbukumbu ya mdomo tu. Mama mmoja, ambaye hapendi nimtaje, ameshatangulia. Ameleta picha ya baba yake amevaa kofia pana ya keya, mkono mmoja umeshika mkanda. Nyuma ya picha mtu ameandika kwa penseli namba na neno Burma. Jina halikuandikwa. Mama huyo ameketi safu ya pili, na Katibu atamfuata aliandike kabla hatujaanza uchaguzi. Fomu za wengine ziko mezani, kando ya birika la chai.

Mwenyekiti wenu