Risala ya Klabu ya Elektroniki kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonyesho ya Sayansi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu na walimu wetu,
Wazazi na walezi,
Wanafunzi wenzetu,

Kwa heshima na taadhima, sisi wanachama wa Klabu ya Elektroniki tunakukaribisha na kukushukuru kwa kukubali kuwa nasi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, klabu yetu hutengeneza vifaa kulingana na mahitaji ya anayeviagiza: kipima unyevu wa udongo, kengele ya vipindi, taa inayojiwasha giza likiingia. Zamani kila kifaa kilikuwa na bodi moja, kila kitu kimechomelewa humo humo. Sensa, yaani kipande kinachohisi unyevu, joto au mwanga, ikifa, bodi nzima inawekwa kando. Siku hizi tunatengeneza bodi za moduli. Umeme una bodi yake, kidhibiti kina yake, na kila sensa ina kibao chake kidogo. Ukichomoa sensa ya unyevu na kuchomeka ya joto, kilichobaki ni kurekebisha programu.

Katika kazi hii kinachotuumiza kichwa zaidi ni mahali bodi mbili zinapokutana. Ndani ya bodi yako unaweza kubadili mchoro kila ukipenda, lakini pini za kuunganishia, wenzako wakishazifuata, hazirudi nyuma. Bodi za Arduino, bodi ndogo za kidhibiti zilizoanza Italia mwaka 2005, ni ushahidi. Matundu yake yameachana kwa milimita 2.54, isipokuwa upande mmoja ambako safu mbili zimetengana kwa milimita 4.06, kipimo kisichoendana na vingine. Lilikuwa kosa la mchoro. Bodi za nyongeza zilipokwisha kutengenezwa kwa kufuata nafasi hiyo, kuisahihisha kungezifanya zisiingie, na hadi leo Arduino Uno inayo.

Ndiyo maana tunaandika kanuni za kiungo kabla ya kufungua KiCad, programu ya bure tunayochorea. Kiungo chetu kina pini nne: umeme wa volti 3.3, ardhi (njia ya umeme kurudi), na nyaya mbili za I2C, moja ya data na moja ya saa, yaani mapigo ya kupangilia data. I2C ni mfumo wa mawasiliano kati ya chipu uliobuniwa na Philips mwaka 1982. Nyaya hizo mbili hubeba mawasiliano ya sensa nyingi, mradi kila moja iwe na anwani yake. Soketi zetu hazikubali kuchomekwa kinyume. Na kila chipu ina kapasita ya nanofaradi 100, ya kutuliza umeme wake, ubavuni mwa pini yake ya umeme. Ikikaa mbali, ni kama pambo tu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, turuhusu tueleze tatizo moja kwa undani, kwa kuwa linagusa ombi letu. Nyaya za I2C huhitaji rezista za kuvuta volti yake juu wakati hakuna chipu inayoishusha, na wauzaji wengi wa vibao huweka za kilo-omu 4.7 kwenye kila kibao. Kibao kimoja hakina shida. Unganisha sita, na rezista hizo, zikiwa sambamba, zinakuwa takribani omu 783. Chipu inayotaka kushusha volti ya waya ili kutuma data sasa inalazimika kumeza mkondo unaozidi miliampia 3, kiwango ambacho chipu ya kawaida ya I2C huhakikishiwa kukimudu. Data huanza kupotea, na ukikagua kibao kimoja kimoja, vyote ni vizima! Sisi tumeamua rezista hizo zikae kwenye bodi ya kidhibiti pekee.

Tatizo la namna hiyo multimita, kipimo cha kawaida cha umeme, haiwezi kulionyesha, kwani hutoa wastani tu wa volti inayopanda na kushuka maelfu ya mara kwa sekunde. Osiloskopu huchora umbo lenyewe la ishara, ukaona kama inashuka hadi chini au inaishia njiani. Kwa hiyo ombi letu kubwa ni osiloskopu moja yenye njia mbili, ili waya wa saa na waya wa data vionekane kwa pamoja. Iliyokwisha kutumika tutaipokea kwa mikono miwili. Ombi dogo ni kabati lenye kufuli, maana vibao vina tabia ya kuota miguu.

Baada ya risala hii tunakuomba ufike kwenye meza yetu, uchomoe kibao chochote kifaa kikiwa kimezimwa, uchomeke kingine, kisha ukiwashe mwenyewe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.